Komiti Mbovu si Komiti Mbaya

Kila nikiweka posti kuhusu Isiolo, mabishano ni yaleyale. Mmoja anasema mji huu uliharibiwa na ugatuzi mwaka 2013. Mwingine anamjibu kwamba walioharibu ni wakoloni. Wa tatu anasema ni serikali ya Mzee Kenyatta na ile karatasi yake ya 1965. Wa nne anasema ni shifta, na mjadala umefungwa. Halafu matusi yanaanza, na mimi nabaki nafuta komenti hadi usiku wa manane.

Leo nataka kujibu hilo swali, lakini nitapitia njia ndefu kidogo. Nitaanza na kompyuta. Nivumilieni wasee, tutarudi Isiolo.

Mwaka jana mimi na marafiki wawili tuliandika programu ndogo ya kuonyesha bei za mifugo sokoni. Mbuzi bei gani, ng'ombe bei gani, ngamia bei gani. Siku moja tukaona ngamia wa shilingi 120,000 anaonyeshwa kwa shilingi 120. Manze, ngamia mzima kwa bei ya chai na mandazi! Wiki mbili nyuma programu ilikuwa sawa kabisa. Kwa hivyo mahali fulani katikati, mmoja wetu alikuwa ameharibu.

Tulikuwa tunatumia Git. Kama hujui Git ni nini, ni chombo cha kutunza historia ya programu. Kila ukifika mahali unahifadhi hatua yako, na hifadhi hiyo watu wa programu huiita komiti. Ni kama picha ya kazi nzima jinsi ilivyokuwa saa ile, pamoja na jina la aliyeihifadhi na maelezo mafupi ya alichobadilisha. Unaweza kurudi kwenye komiti yoyote ya zamani ukaiendesha kama vile siku hiyo haijapita.

Tulikuwa na komiti 96 kati ya siku programu ilipokuwa sawa na siku tuliyoona ngamia wa 120. Kuzipima moja moja ni kazi ya kutwa. Lakini Git ina amri inayoitwa git bisect, na inafanya kazi kama fundi wa bomba mwenye akili. Maji yakikatika, fundi haanzi kufukua kutoka kwenye tangi mpaka mlangoni kwako. Anafukua katikati. Maji yapo? Basi palipoziba ni mbele. Maji hayapo? Palipoziba ni nyuma. Nusu ya bomba ameshaitupa kwa shimo moja. Anaenda katikati ya nusu iliyobaki, na hivyo hivyo. Kwa komiti 96 unahitaji vipimo 7 tu. Kwa komiti 1,000 ni kama 10.

Kila mara Git inakuletea komiti moja, unaipima, unaiambia ni nzuri au ni mbaya.

Sasa, kipimo changu cha tatu kikanikwama. Komiti ile haikuwaka kabisa. Sikuona ngamia wa 120,000 wala wa 120. Niliona maandishi mekundu ya makosa tu. Rafiki yangu alikuwa anahamisha data kutoka faili moja kwenda lingine, stima ikatishia kupotea, akahifadhi kazi ikiwa nusu. Alimaliza siku mbili baadaye.

Nilikuwa nimechoka na nina hasira. Nikasema, kitu ambacho hakiwaki si ni kibaya? Nikaiandika mbaya. Git ikanitii, ikaenda kutafuta huko nyuma zaidi, na mwisho ikaniletea jina: komiti ya kwanza mbaya ni ile ya rafiki yangu. Nikampigia. Nilimwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nainamisha kichwa. Yeye akasema hakugusa mambo ya bei. Sikumwamini, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wa mashine.

Siku tatu baadaye nikapata ukweli. Aliyeharibu ni mimi. Nilikuwa nimebadilisha jinsi programu inavyosoma tarakimu, ikawa ikifika kwenye alama ya mkato inasimama. 120,000 ikawa 120. Komiti yangu ilikuja baada ya ile yake, kwenye nusu ambayo niliitupa mwenyewe kwa kuandika "mbaya" mahali nisipopajua.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo nilipaswa kuyaheshimu. Mbovu na mbaya. Kitu kibovu hakifanyi kazi. Kitu kibaya kinafanya kazi, lakini kinaleta matokeo mabaya. Komiti ya rafiki yangu ilikuwa mbovu. Kuhusu bei za ngamia haikusema lolote, nzuri wala mbaya. Mimi ndiye niliyeilazimisha iseme.

Tatizo hili ni la zamani kuliko sisi. Mwaka 1997 Brian Ness na Viet Ngo walieleza jinsi mafundi wa Cray Research, kampuni ya Marekani iliyotengeneza kompyuta kubwa mno, walivyotafuta badiliko lililoleta hitilafu kwa kurudi nyuma kwenye historia ya programu na kuigawa. Mwaka 1999 mtafiti wa Kijerumani, Andreas Zeller, akaandika makala ambayo jina lake ukilifasiri ni: Jana programu yangu ilifanya kazi, leo haifanyi, kwa nini? Alikuwa na programu inayoitwa DDD, inayotegemea programu nyingine inayoitwa GDB. GDB ilipohama kutoka toleo la 4.16 hadi 4.17, DDD ikaanza kukosea. Kati ya matoleo hayo mawili ilikuwa imebadilika mistari 178,000. Na mkosaji akapatikana kuwa badiliko dogo la maneno kwenye sentensi moja ya maelezo. Sentensi moja!

Lakini kilichonivutia kwa Zeller ni kitu kingine. Alipochukua baadhi tu ya yale mabadiliko na kuyajaribu, mara nyingi programu haikuunganika hata kuwaka, kwa sababu badiliko moja linamtegemea mwenzake. Kwa hivyo kwenye hesabu yake aliweka majibu matatu badala ya mawili: imepita, imefeli, na haijulikani. Hilo la tatu ni jibu halali kama mengine.

Git yenyewe ilizaliwa Aprili 2005, wakati Linus Torvalds na wenzake wa Linux waliponyimwa ruhusa ya bure ya kutumia chombo chao cha zamani, BitKeeper. Amri ya kugawa nusu iliingia mwaka huohuo. Mwanzoni ilijua nzuri na mbaya tu. Ukikutana na komiti mbovu, ulijitafutia mwenyewe nyingine ya kupima. Ni mwaka 2007 ndipo ilipoongezwa amri ya tatu, git bisect skip, yaani ruka. Mfaransa mmoja, Christian Couder, ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Na ukitaka kompyuta ipime yenyewe bila wewe, hati yako ya kupima inarudisha namba: 0 maana yake nzuri, 1 maana yake mbaya, na 125 imetengwa maalum kusema: hii sikuweza kuipima, iruke.

Ukisema ruka, Git inafanya alichofanya fundi akikuta katikati ya bomba pamejengwa nyumba. Hasemi maji yapo, hasemi hayapo. Anasogea pembeni anafukua pengine. Mara nyingi inatosha. Lakini kuna siku bomba limeziba chini ya nyumba yenyewe. Hapo Git haibahatishi. Inakuambia zimebaki zile ulizoruka tu, na mkosaji anaweza kuwa yeyote kati ya hizi, kisha inakupa orodha.

Mimi hiyo orodha naiheshimu kuliko jina moja la uongo.

Haya, sasa turudi Isiolo.

Swali la "Isiolo iliharibika lini" haliwezi kupimwa likiwa hivyo. Hata Git itakuuliza: ni hitilafu gani unatafuta? Kwa hivyo hebu tuchague kitu kimoja. Je, familia ya wafugaji wa Waso, yaani upande wetu wa mto Ewaso Nyiro, inaweza kuishi kwa mifugo yake bila kungoja chakula cha msaada? Ndiyo au hapana.

Anza na mwaka 1962. Usidhani ulikuwa mwaka wa raha. Tulikuwa ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD. Sheria ya wilaya za mbali ilikuwepo tangu 1902, ikaongezewa nyingine mwaka 1934, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Mambo mengi yalikuwa mabaya. Lakini kwa swali letu moja, jibu ni ndiyo. Mifugo ilikuwepo, na watu waliishi kwayo.

Sasa ruka hadi miaka ya mwanzo ya 1970. Jibu limegeuka. Familia nyingi za wafugaji zimebaki mikono mitupu, zimekaa pembeni ya mji na vituo kama Garba Tulla, zinapokea mgao. Miaka hiyo ikaanzishwa miradi ya kilimo cha kumwagilia maji, kama Malka Daka na Merti, ili watu waliopoteza wanyama wajifunze jembe.

Kwa hivyo tayari tumepata kitu. Ugatuzi wa 2013, kwa swali hili, haumo kwenye orodha ya washukiwa. Unaweza kuulaumu kwa mambo mengine, na mimi nitakuunga mkono, lakini si hili. Hitilafu iko kati ya 1962 na miaka ya mwanzo ya 1970. Fukua katikati basi, tuone.

Katikati hapawaki.

Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido upande wa Modogashe. Ukipita Mtaa wa Wabera pale katikati ya Nairobi, ni yeye huyo. Uhuru ukaja 12 Desemba. Mwishoni mwa mwezi huohuo, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini, na vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Watu walikusanywa kwenye vijiji vya lazima, Garba Tulla na Merti ikiwemo. Mfugaji asiyeruhusiwa kuhama ni sawa na mvuvi aliyefungiwa nchi kavu. Mifugo ilikufa kwa kukosa malisho, mingine ikatwaliwa, mingine ikapigwa risasi. Waborana wa Waso wana jina la kipindi hicho: Gaafa Daaba, wakati wa kusimama. Kila kitu kilisimama.

Halafu ikaja sheria ya mwaka 1970, ile ya kinga. Ilisema kwamba kwa mambo yaliyotendwa na maafisa wa serikali kulinda usalama katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, hakuna kushtakiwa. Soma tena hizo tarehe. Sheria imeandika mwanzo na mwisho kama mtu anayeweka alama kwenye historia ya programu: kutoka komiti hii hadi komiti hii, hakuna kupima. Kesi mahakamani ni kipimo. Mashahidi wanaulizwa, nyaraka zinaletwa, upande wa pili unajibu. Hicho chote kikafungwa kwa miaka hiyo minne.

Na ona ni nini kimo ndani ya hiyo miaka. Vita vyenyewe vimo. Vijiji vya lazima vimo. Kugawanywa kwa NFD, Isiolo na Marsabit zikaenda upande wa Mashariki, kulitangulia kidogo tu, mwaka huohuo wa 1963. Na ile karatasi ya serikali namba 10 ya 1965, iliyosema pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, nayo imo humohumo katikati. Washukiwa karibu wote wakubwa wamelala chini ya nyumba moja.

Hapo ndipo mabishano ya komenti yanapoharibikia. Kuna wanaoiandika miaka hiyo "mbaya" moja kwa moja kwa sababu haisomeki, kisha wanamshika wa kwanza wanayemkuta. Mara nyingi ni kabila la jirani, sawa na mimi nilivyomshika rafiki yangu. Na kuna wanaoiandika "nzuri". Hawa wanasema hakuna kesi iliyoamuliwa, kwa hivyo hakuna kilichotokea, na tatizo lazima lilianza baadaye na ni uvivu wetu. Makosa ni yaleyale ila kwa upande wa pili. Ukiandika komiti mbovu kuwa nzuri, unatupa nusu yenye hitilafu na kwenda kumtafuta mkosaji kati ya wasio na hatia.

Jibu la kweli ni ruka. Lakini kuruka kwenye Git si kusahau. Orodha ya ulizoruka inabaki imeandikwa, na mwisho wa kazi inarudishwa mbele yako.

Nyanya yangu wa Garba Tulla ukimuuliza umri wa watoto wake hakupi mwaka. Atasema huyu ni wa kabla ya Daaba, huyu ni wa baada ya Daaba. Waliozaliwa na kufa katikati hawataji. Kwa muda mrefu nilidhani anasahau. Sasa naelewa kwamba anajua kabisa anaruka wapi.

Je, tuishie hapo? Hapana. Watu wa programu wana mbinu ya mwisho. Kama komiti ni mbovu kwa sababu unayoijua, unaweza kuitengeneza kwa muda. Unachukua kiraka kidogo kutoka kwingine, unakiweka juu yake, inawaka, unaipima, kisha unakitoa kiraka kabla ya kuendelea. Kutoa ni lazima. Ukikiacha humo, utakuja kudhani kilikuwepo tangu mwanzo.

Kiraka chetu ni watu walioiona Daaba kwa macho yao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikusanya ushahidi wa watu wa kaskazini, na ripoti yake ikakabidhiwa kwa Rais mwezi Mei 2013. Isome sehemu ya kaskazini. Wapo pia watafiti waliokaa na wazee wa Waso wakaandika waliyosimuliwa. Hivyo ni viraka vizuri, na kwa msaada wake tayari tunaweza kupima mambo ambayo mahakama haikupima. Ila na sisi tufuate kanuni. Ukimrekodi mzee, sema ni mzee nani kwa ruhusa yake, alikuwa wapi, alikuwa na miaka mingapi, umemrekodi lini. Maneno yake yabaki maneno yake. Usiyachanganye na nyaraka ukayafanya kitu kimoja, kwa sababu kesho mtu atagundua mzee alikosea mwezi mmoja na atatupa ushahidi wote.

Na tuharakishe. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1963 sasa amepita 75.

Jambo la mwisho, na hili ni letu vijana. Wanaojenga Linux wana sharti moja wanapotuma kazi kubwa iliyogawanywa vipande: baada ya kila kipande, mfumo uunganike na uwake. Sababu yake wanaisema wazi, kwamba kuna mtu siku moja atakuwa anatafuta hitilafu kwa kugawa nusu, na anaweza kuangukia katikati ya kazi yako. Humjui, hujamwona, labda hajazaliwa. Lakini unamwachia historia inayopimika.

Sisi hapa Isiolo tunahifadhi nini cha namna hiyo? Mikutano ya kaunti kuhusu ardhi, nani alirekodi? Siku ya mapigano ya malisho, nani aliandika idadi ya mifugo iliyochukuliwa kabla uvumi haujaipandisha mara kumi? Video ya sekunde 15 yenye muziki juu, isiyo na tarehe wala mahali, ni komiti mbovu. Tunatengeneza nyingi mno kila siku, na mimi pia nimetengeneza.

Rafiki yangu nilimwomba msamaha, na programu ya bei bado tunaiendesha pamoja. Kwenye karatasi ukutani juu ya meza yetu ameandika namba moja tu: 125. Wageni huuliza kama ni bei ya mandazi.

Kwa hivyo kwenye komenti za leo, ukitaka kuniambia Isiolo iliharibika lini na nani aliharibu, karibu. Ila kwanza niambie unapima nini. Kisha niambie ni miaka gani umeiruka.